Huyu Ama Mwizi Ama Mkwe

Salum,

Huna haya. Baba yenu hayupo duniani, wewe ndiye kaka mkubwa, wewe ndiye walii wa mdogo wako Zuhura. Umekataa kumwozesha, na mie mama yenu ukanificha! Simu hupokei, basi soma. Karatasi haikatiki mtandao. Mwandiko wangu wa ngumbaro, lakini ukali unasomeka. Mie mzima, miguu tu inauma, na sasa hivi utajua kwa nini. Hali yako sikuulizi. Mwenye kiburi haugui.

Jumamosi Zuhura kanambia, "Mama, vaa raba, twende tukatembee pwani."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Tunatembea tu, tunalala huko, kesho tunarudi."

Kutembea tu! Tangu nihamie huku Bunju kwa mdogo wako nimeona mengi, hili sijapata kuliona. Kwetu Kilwa mtu akitembea pwani anatafuta chaza, au pweza, au mbuzi wake kapotea. Hawa tuliofuatana nao ni watu wa maofisini, wana viatu vya kwendea vitani, na mizigo mgongoni kama wanawake walioachika, wanatoka Mbweni kwenda Mapinga kwa miguu na lami ipo. Mmoja kaona kaa, kampiga picha. Kaa yule yule mnono! Kampiga picha, kamwacha aende zake.

Aliyetuongoza ni kijana mmoja anaitwa Hamisi, na kofia yake pana mbaya kama ungo mbovu. Kwenye mikoko njia ni nyembamba. Kila nikimkaribia anatoka njiani, anasimama kwenye tope hadi magotini, macho chini, mpaka mie nipite. Halafu anazunguka na matope yake kurudi mbele. Wenzangu hakuwapisha, mie tu. Mchana tulipokaa kula, akachukua muhogo wake akaenda kuula nyuma ya mti, katugeuzia mgongo.

Nikasema moyoni, huyu ama mwizi ama mkwe.

Alasiri wakasimamisha mahema. Mie nimezaliwa nyumba ya makuti, nikahangaika hadi nikaezeka bati, leo mtoto niliyemsomesha ananirudisha kwenye kitambaa chenye zipu! Nikamwita yule kijana mbele ya Zuhura.

"We Hamisi. Mbona unanikimbia kama nina ukoma?"

"Shikamoo, mama."

"Nimeshaitikia asubuhi. Jibu."

Anatazama mchanga. "Kwetu Rufiji, mama, mkwe hupishwa njia."

"Nani kakwambia mie mkwe wako?"

"Bado hajanambia mtu. Nimeanza mapema nisije nikakosea."

Nusura nicheke, nikajikohoza. Zuhura ndio analia, kashika mfuniko wa sufuria, anasema, "Mama, Kaka Salum kakataa. Kasema hamwozeshi mdogo wake kwa mtembeza watu."

Mtembeza watu! Nawe ni mtembeza nini, Salum? Ulimi? Huyo mtembeza watu kazama tope kutwa nzima kwa kuniheshimu, na hajapewa hata ahadi. Wewe, uliyeoa zamani, unakaa sinia moja na mama mkwe wako unamnyang'anya kichwa cha samaki. Nimeona kwa macho yangu, nikafunika uso kwa kanga.

Usidhani nimempenda. Kofia ile ataichoma moto kabla ya nikaha. Kazi yake ni upuuzi, na hao wanaomlipa ni wapuuzi zaidi. Lakini adabu hainunuliwi Kariakoo, nawe ningelijua duka lake ningekununulia mapema. Mdogo wako ni mtu mzima, kachagua, na mie nimeridhia. Ukikaidi nitakwenda kwa kadhi, niseme mbele za watu mwanangu yu hai na ana miguu ila hataki kuja. Aibu hiyo utaivaa wewe, mie sina mwili wa kuivaa.

Nisalimie mkeo, mvumilivu yule. Msalimie mama mkwe wako, mwambie pole kwa samaki. Shangazi yako mwambie aanze kusuka mkeka wa bibi harusi, na wajukuu zangu wasije wakajifunza kwako.

Mama yako mzazi,
Bi. Mwanahawa, Bunju.

Panda basi wiki hii, Ijumaa uwe hapa na kanzu safi. Na ukikutana na Hamisi uchochoroni, pisha wewe. Mwenzio kapisha vya kutosha.