Nilimwandikia Rafiki Yangu Dini

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa ujue mapema kwamba unayemsaidia si mtu wa kawaida. Mimi ndiye kiranja mwenye akili kuliko wote waliowahi kushika chaki shuleni kwetu, walimu wanalijua hilo ila wanaona haya kulisema, na kama si Hesabu, Fizikia, Kemia na mwalimu wa Jiografia aliyenichukia tangu siku ya kwanza, sasa hivi ningekuwa natajwa redioni. Kidato hiki nakirudia, lakini ni kwa hiari yangu, nilitaka kukielewa vizuri.

Basi shule yetu ina watu wa kila namna, na kengele ya kipindi cha dini ikigongwa tunagawanyika, Waislamu tunakwenda maktaba kwa ustadhi, Wakristo wanakwenda bwaloni kwa mama mchungaji, na wasio huku wala kule wanapelekwa stoo ya michezo kupanga mipira mpaka kipindi kiishe. Darasani kwetu wa stoo ni mmoja tu, mwenzangu wa dawati, tunamwita Kimya, kwao ni Wahindu na baba yake ni fundi saa mwenye kibanda mkabala na posta. Siku moja nikamuuliza, “Leo umefundishwa nini huko?” akanijibu, “Mpira wa wavu umenieleza habari za kukosa upepo.” Nilicheka, lakini iliniuma.

Sasa mwalimu wetu wa darasa ana madarasa matatu na mtoto mchanga, kwa hiyo muhula wa kwanza alinipa fomu za kuandikishia mtihani wa mwisho akasema, “Kiranja, nijazie hizi kwa penseli, nitazipitia.” Hakuzipitia. Nilipofika kwa Kimya, kwenye kisanduku cha dini nikaandika Mwislamu, na kwenye masomo nikamtia Maarifa ya Uislamu, nikajiona mtu wa huruma kupita kiasi. Orodha ikatoka, akaitwa maktaba kwa jina lake, ustadhi akampa kiti cha mbele bila kumuuliza neno, na jamaa akashika mambo haraka mpaka ustadhi akatuambia, “Hamwoni aibu? Mgeni anawapita wenyeji.”

Mambo yalikuwa shwari mpaka wiki iliyopita, karatasi za uthibitisho zilipopelekwa kwa wazazi zitiwe sahihi. Nilikuwapo kibandani. Mzee aliisoma, akaitoa lenzi jichoni, akaisoma tena.

“Mwanangu, umebadili dini?”

Kimya akanitazama, kisha akazitazama saa.

“Nani amekuandika hivi?”

“Shule, baba.”

“Shule ina mkono?”

Mzee akanigeukia mimi, tena kwa upole, na huo upole ndio unaoniua: “Na wewe kijana, kiranja wao, hujui lolote?”

Nikasema, “Hapana, mzee. Labda kompyuta.”

Akaikunja karatasi bila kuitia sahihi. “Basi akae hapa,” akasema, “mpaka nijue nilimpeleka shule au nilimpeleka wapi.”

Leo ni siku ya sita Kimya hajaja. Orodha inafungwa Ijumaa na asiyetiliwa sahihi hafanyi mtihani, na yeye ndiye mtu pekee darasani ambaye hata mimi nakubali atafaulu. Siku ya pili mwalimu aliniuliza, “Mwenzako vipi?” nikasema tumbo. Sasa habari za karatasi zimevuja na darasani kumechafuka, hawa wanasema mzee ana chuki, wale wanasema ustadhi anawinda watoto wa watu, jana walishikana mashati barazani, na ustadhi ameitwa kwa mkuu wa shule akatoka akisahau hata kofia yake. Tarishi akifungua mlango nainama chini ya dawati, chakula kinanikwama, posta sipiti tena, nazunguka nyuma ya soko. Nikisema, mwalimu ataponzwa na ukiranja nitavuliwa, na shule hii bila mimi sijui asubuhi itafunguliwaje. Nikinyamaza, Ijumaa hiyo inakuja.

Jambo moja sijamwambia mtu. Haikuwa huruma. Maarifa ya Uislamu nimeyafeli mara mbili, mimi Mwislamu wa kuzaliwa, na nilitaka Kimya akae karibu nami aninong’oneze kama anavyoninong’oneza masomo mengine. Fomu nilimwonyesha kabla sijairudisha. Akaniambia, “Futa, tafadhali, baba ataumia.” Kifutio nilikuwa nacho mkononi. Sikufuta.

Kiranja

*

Kiranja mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili sikucheka. Chakula kinakukwama kwa sababu dhamiri yako bado nzima, na hilo nalishukuru, lakini mficha uchi hazai, na wewe hata muda wa kuficha huna.

Kwanza niwaambie wakubwa wa shule yenu: mtoto kufungiwa na mipira wenzake wanapofundishwa ni aibu yenu, si yake. Shule yenye watoto wa imani nyingi ingeweza kuwafundisha wajuane. Mtoto wa Kihindu kusoma habari za Uislamu si kosa, wala hakumvui dini yake, ilimradi ameulizwa, na mzazi wake ameulizwa. Wewe hukumuuliza. Mbaya zaidi, alikujibu bila kuulizwa na bado ukaendelea.

Wenzako wanadhani mzee anaichukia dini yenu. Sivyo hata kidogo. Anaogopa kwamba mwanawe anaweza kumwacha bila kumuaga. Hofu hiyo umeitia wewe, na Kimya hawezi kuitoa bila kukutaja, naye ameamua asikutaje. Unaelewa uzito alioubeba kwa ajili yako? Kijana anapoteza mtihani wake ili wewe ubaki kiranja.

Kesho, kabla ya kengele ya kwanza, nenda kwa mwalimu wako useme, “Niliandika mimi.” Ataulizwa kwa nini hakuzipitia fomu, ni mtu mzima, atajibu. Mwombe mwende pamoja kwa mkuu wa shule, ukaseme mbele ya ustadhi kwamba ustadhi hakuhusika, kisha umwombe radhi hapo hapo. Omba fomu mpya. Mchana huohuo nenda kibandani na mzazi wako. Usitanie. Usitaje kompyuta. Sema, “Mzee, mwanao hakubadili dini. Nilimwandika mimi, alinikataza, na uliponiuliza nilikudanganya mbele yake.” Sababu yako ya kweli uiseme pia, hata ile ya kunong’onezwa, maana nusu ya ukweli ndiyo iliyokufikisha hapo. Halafu simama usemwe. Akikufukuza, acha fomu mezani uondoke kwa adabu, mwalimu atarudi kesho yake.

Ukiranja watakuvua. Wavue.

Na jambo la mwisho. Katika barua yako yote kila mtu ana la kusema kuhusu dini ya Kimya, ila Kimya mwenyewe. Fomu hiyo mpya aijaze yeye, kwa mkono wake, na baba yake akiwa kando. Wewe ngoja nje, na akiijaza, usichungulie.

Mshauri wako