Jua la Jikoni

Kamau, mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Habari za huko mbali? Hapa Ngoingwa tuko salama. Shangazi yako amejifungua msichana.

Umeniuliza madirisha ya nyumba yako ya Murera yaangalie wapi, ndiyo isile stima sana. Marehemu guka wako, mume wangu, uliyepewa jina lake, kabla hatujachimba msingi alinikalisha kwenye ploti alfajiri na kikombe cha chai mkononi. Jua lilipogusa kikombe akasema, "Jikoni ni hapa." Tangu hapo nilipika asubuhi bila taa.

Tulipomzika, jirani akajenga ghorofa upande huo. Sasa kila asubuhi nikibonyeza swichi, ni kama namzika tena.

Wewe jenga. Lakini kwanza uangalie jua la jirani linapitia wapi.

Ni mimi cucu wako.