Medali Yenye Jina Lako

Mama,

Kuanzia mahafali yajayo kutakuwa na medali yenye jina lako. Atavalishwa mwanafunzi mwenye alama za juu kuliko wenzake wote katika saikolojia ya elimu. Mkuu wa idara yenu ndiye aliyelitangaza hilo jana alasiri, mbele ya wahadhiri wote. Mimi nimezipata habari kwa Thandeka, yule mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza kabisa hapa Johannesburg, ambaye sasa ndiye anayefundisha somo lako la motisha. Alinipigia simu akiwa bado kwenye korido.

"Dada Neema, watu walipiga makofi," alisema. "Mimi nilibaki na mikono mapajani."

Nilimwuliza mara mbili kama alisikia sawasawa. Ni mazoea ya kazi yetu ya uandishi wa habari. Alisikia sawasawa.

Nakuandikia kwa sababu jambo hili bado halijafungwa. Chuo hakiwezi kutumia jina lako bila idhini ya familia, na familia ni mimi na Baba. Mimi nimekataa. Baba alikuwa ameshawaambia kwenye simu kwamba amekubali, tena kwa furaha, kabla hajaniambia mimi.

Kwanza nikupe habari za nyumbani. Baba amejifunza kupika ugali. Unatoka kama uji wa mgonjwa, tunaula. Ofisi yako wameigawa kwa ubao, nusu moja wameweka mashine ya kutoa nakala. Mama Furaha, Mkongo muuza vitenge pale Jules Street, bado amekutunzia kile cha bluu ulichokuwa hujaamua. Nilipomweleza kuhusu medali alicheka mpaka akashika meza. "Mtoto yangu, marehemu ataivalia wapi?" Binti yangu, yule aliyekuwa akikujibu kwa Kiingereza kila ulipomsemesha Kiswahili, sasa ananiuliza maneno. Juzi aliuliza bibi akishafariki anaitwaje. Nikamwambia anaitwa bibi. Ni lile lile.

Nilitaka kuendelea na mengine hapo, nikashindwa. Turudi kwenye medali.

Ulipoanza kufundisha hapa, mwaka ule uliofuata uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote, wengi wa wanafunzi wako walitoka katika shule ambazo alama zilitumika kama fimbo. Walikuja wakidhani chuo kitakuwa na fimbo nzuri zaidi. Wewe ukawarudishia insha ya kwanza haina namba, haina herufi, haina vema wala kosa. Chini ya ukurasa wa mwisho kulikuwa na swali moja la penseli, kila mtu na lake. Wakakaa wakigeuza karatasi huku na huku kama watu waliopewa chenji pungufu.

Thandeka ndiye aliyesimama. Swali lake lilikuwa: "Haya umeyaandika kwa ajili ya nani?" Alikuwa na hasira ya kutosha darasa zima.

"Mwalimu, bibi yangu kule Soweto anasubiri namba. Nimpelekee swali?"

"Mpelekee," ukamwambia. "Mkae mlijibu wote wawili, kisha uje unieleze mligombana wapi."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alikusanya wenzake wakaenda kukushtaki kwa mkuu wa kitivo, naye akakuita. Ulitusimulia jioni ile huku ukimenya viazi, bila haraka, kama mtu anayesoma bei za sokoni. Alikuuliza kwa nini, wewe mtaalamu wa motisha, unawanyima wanafunzi motisha. Ukamjibu kwamba motisha unawapa, unachokataa ni kuwanunua. Ukaongeza kwamba alama atazipata mwisho wa muhula kama kanuni zinavyotaka, na kabla ya hapo karatasi ni za wenyewe. Baba akauliza kama ndiyo umefukuzwa. Ukasema, "Bado. Nipe kisu kingine, hiki hakina makali."

Hukufukuzwa. Uliendelea hivyo mpaka muhula wako wa mwisho, na nimeripoti mabaraza na tume za kutosha katika mji huu kujua kwamba mtu anayeshikilia jambo moja kwa utulivu miaka yote hiyo ni nadra. Ndiyo maana nasema sikubali. Wanachukua jina la mwanamke aliyetumia kazi yake yote kusema kwamba ukimpa mtoto zawadi kwa kitu anachokipenda, kesho ataulizia zawadi, na wanaliandika kwenye zawadi. Mkuu wa idara si mtu mbaya. Thandeka anasema machozi yalimlengalenga alipokuwa akitangaza. Anakuheshimu kweli, ila hakuwahi kukusikiliza.

Sasa Baba. Tuligombana jikoni hapa Kensington, na sikushinda.

"Eish, Neema," alisema. "Mama yako amekaa pale mpaka amekufa, na bado walikuwa wanamwita mwalimu wa kutoka nje. Jina lake walikuwa hawalimalizi. Leo watalazimika kulisema kila mwaka, kwenye kipaza sauti, na watu wamevaa majoho. Unataka nikatae?"

"Watalitamka vibaya vile vile."

Alicheka kidogo, halafu akakasirika kwamba amecheka. "Mimi nilimtoa kwao Morogoro. Nilimwambia kwetu watampokea. Unajua walivyompokea."

Mtu aliyeishi uhamishoni nusu ya maisha yake, akarudi nyumbani na mke ambaye nyumbani hapo palimtazama kama mgeni, ana haki ya kutaka jina la mkewe litajwe kwa heshima katika mji wake. Nisingeandika habari hii bila kumpa nafasi yake.

Kwa hiyo sikubishana tena. Nilimwuliza tu kama anaikumbuka ile sherehe ya shule ya msingi kule Malvern, ulipoalikwa kuwa mgeni rasmi wa kugawa zawadi. Mimi niliisikia kwako, yeye ndiye aliyekupeleka kwa gari. Uligawa zote, ukatabasamu, ukapigwa picha. Halafu ukainama kwa yule msichana wa darasa la nne aliyekuwa na tepe nyingi kifuani, ukamwuliza mwaka huu amependa nini. Akasema, "Kushinda." Ukamwambia sawa, lakini katika masomo, ni kitu gani. Mtoto akakutazama, akamtazama mwalimu wake, akarudia, "Kushinda."

Ulilizungumza jambo lile wiki nzima. "Hakulielewa swali, Neema. Si kwamba hakuwa na jibu."

Baba alikuwa anaosha kikombe. Akakiosha mara ya pili.

"Siku ile aliniambia nisimamishe gari," alisema. "Pale kwenye robot, zile taa za barabarani za Jules Street. Akashuka, akatembea kwa miguu mpaka hapa, na viatu vile virefu. Nilimfuata nyuma polepole na gari, watu wananipigia honi. Hakugeuka. Miaka yote hii nilidhani nilimuudhi mimi."

"Hukuuliza?"

"Mama yako? Kwa uso ule?"

Akakiweka kikombe. Akakaa. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Basi haikuwa mimi."

Sijui kama ulijua alibeba hilo. Ningekuwa na uwezo wa kukuuliza, ningeuliza hilo kabla ya mengine yote.

Asubuhi aliamka kabla yangu. Nilimkuta mezani amevaa miwani. Swali lake lilikuwa moja: siku ya kuvalisha hiyo medali, wanafunzi wengine watakuwa wanafanya nini? Nikamwambia watakuwa wamekaa wanapiga makofi. Akafikiri. "Mama Neema asingekaa pale," alisema. "Angeomba kushuka."

Hajasema kwamba anakataa. Amesema atakuja nami kwenye kamati ya chuo itakayoamua kuhusu medali, na kwamba ataongea yeye, kwa sababu yeye ndiye mume. Atakachosema atakijua akifika. Nimekubali, na nimemwambia mimi nitaongea baada yake, kwa sababu mimi ndiye uliyenizaa. Akasema, "Sharp," kama anavyosema anapotaka mazungumzo yaishe.

Mimi nitakachosema ninakijua. Mkuu wa idara huyo huyo amemwagiza Thandeka kwamba kuanzia muhula ujao insha ya kwanza ipewe alama kama kazi nyingine, eti wanafunzi wanahitaji kujua mapema wanasimama wapi. Medali na agizo hilo vimetoka katika kikao kimoja, na pale mezani hakuna aliyeona kwamba kimoja kinamzika aliyeheshimiwa na kingine. Nitawapa chaguo. Wakitaka jina lako, waliweke kwenye insha ile: ibaki haina alama, iwe na swali la penseli, iitwe kwa jina lako kwenye kitabu cha kozi, kila mwanafunzi aandike, mwenye akili nyingi na mwenye chache. Wasipotaka hivyo, jina lako linarudi nyumbani nasi, na medali wataitafutia mtu mwingine.

Thandeka atakuwepo. Mkataba wake ni wa kuhuishwa, na anayehuisha ni mkuu wa idara yule yule, atakayekuwa kiti cha mbele. Nilimshauri asije, mambo haya ni ya familia. Akanikata.

"Usinifundishe ujasiri, Dada. Mimi nilimshtaki mama yako kwa mkuu wa kitivo nikiwa na miaka kumi na tisa."

Basi tutakuwa watatu. Inawezekana watakataa. Inawezekana Baba akafika mbele ya wale watu, akaona majoho, akasema asante, na mimi nikabaki nimesimama na maneno yangu. Nikishindwa na Baba nitashindwa kwa heshima, nimrudishe nyumbani, tule ugali wake. Lakini nikiulizwa saini, yangu hawatapata. Hiyo ndiyo ahadi, na sitaibadilisha mlangoni. Wewe hukuwahi kunipa zawadi kwa kusema kweli. Ulinifanya niizoee tu, na sasa siwezi kuiacha.

Pumzika, Mama. Nitakukumbuka hivi hivi, na kisu chako kisicho na makali na viazi vyako.

Kamati inakutana Alhamisi saa nne asubuhi, ghorofa ya tatu. Sisi ni wa pili kwenye ajenda.

Mwanao,
Neema