Sihami Darasa la Programu za Simu

Jumanne jioni. Baridi ya leo ni kali, ukungu haujatoka milima ya Matogoro tangu asubuhi. Mimi nina hasira, kwa hiyo sijavaa hata sweta.

Jana mwalimu wetu wa kompyuta pale Majengo, kijana ambaye ningeweza kumzaa, aliniambia mbele ya darasa zima: "Shikamoo mama. Nakushauri uhamie darasa la kuchapa barua. Haya ya programu za simu yatakuchosha bure."

Wenzangu wakainamia meza. Nikajibu marahaba, basi. Nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu, na sikuwahi kumwambia mtoto neno kama lile.

Nakiri, nilipofika nyumbani nililia.

Natengeneza programu ya mahudhurio ya kwaya yetu. Kila mwimbaji ana kadi yenye jina, sauti anayoimba na kitufe cha "Amefika" cha kuigeuza kadi iwe ya kijani. Jana nilikibonyeza, kadi ikabaki vilevile. Nikabonyeza tena. Wapi!

Leo asubuhi nimeiacha kompyuta, nikachukua daftari. Nikaandika: komponenti ni kadi yenyewe, naiunda mara moja na kuitumia kwa waimbaji wote. Sifa ni vitu ambavyo kadi inapewa kutoka nje, kama jina Skolastika, sauti ya kwanza. Kadi inavionyesha tu, haina ruhusa ya kuvibadilisha. Hali ni kile inachokitunza yenyewe na kinachobadilika mtu anapoitumia. Hali ikibadilika, skrini inajichora upya.

Hapo nikaliona kosa. "Amefika" nilikuwa nimeiweka kama sifa, halafu nailazimisha kadi iibadilishe! Nikarudi kwenye kompyuta, nikaihamishia kwenye hali. Nikabonyeza.

Kadi ikawa ya kijani.

Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kutoka uani, "Mwalimu, kuna nyoka?"

"Hakuna! Skolastika amefika!"

Sidhani kama alinielewa.

Saa nane nikaenda darasani, nikamwekea mwalimu simu mkononi. Alibonyeza kadi tatu, nne, akaanza kutafuta kosa.

"Nani amekusaidia, mama?"

"Hakuna."

Akakuna kichwa, akaninyooshea karatasi. "Mimi fomu yako ya kuhama nimeshaijaza. Imebaki saini tu."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikaigeuza, na nyuma ya karatasi hiyo, mwalimu akiwa amesimama palepale, nikaanza kuchora skrini ya pili: ratiba ya mazoezi.

Kesho nakaa mstari wa mbele.