Mkono Kwenye Hereni

Harlan Fork, Nebraska
3 Machi

Mwanangu Marlys,

Hujambo huko mjini? Mimi sijambo, ila masikio ndiyo hayo hayo, simu imebaki pambo la ukutani. Lakini kila jioni nakuona ukisoma habari kwenye runinga, nafuata maandishi yanayopita chini, na mwishoni ukishika hereni ya kushoto kuniaga, nami nakujibu, "Haya, lala salama." Jirani yangu Orville ananicheka, eti naongea na kioo.

Hivi hawa Brantwell walionunua kituo chenu, si ndio wenye kile kiwanda cha mbolea hapa kando ya mto, upande wa juu? Maji ya bomba siku hizi yananuka chuma. Hebu chunguza, wewe si mwandishi wa habari?

Mama yako,
Verna

Dunmore
20 Machi

Mama mpenzi,

Natumai umeamka salama. Mimi mzima, ila nina hasira sana.

Yale maji niliyochota kwako Jumapili niliyapeleka maabara. Mama, usiyanywe! Yana sumu. Habari niliiandika, Brantwell wakaitupa, wakanipa karatasi yao: "Maji yetu ni salama." Inatoka makao makuu, na watangazaji wa vituo vyao vyote wanaisoma neno kwa neno. Hata pa kutabasamu pameandikwa. Nimekataa, na leo nimeacha kazi. Nunua maji ya chupa, tafadhali.

Binti yako,
Marlys

Harlan Fork
2 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Mimi naendelea, ila vidole vinakufa ganzi. Uzee huo.

Barua yako imenichanganya. Umeacha kazi, mbona jana nimekuona? Umevaa koti lako la bluu, unasema maji ni salama, unatabasamu. Halafu ukashika hereni, na ishara hiyo tunaijua mimi na wewe tu. Moyo ukatulia, nikachemsha kahawa ya kanisani kwa maji ya bomba. Watu wote walikunywa. Orville kasema, "Marlys wa Verna hawezi kutudanganya."

Mama yako,
Verna

Dunmore
7 Aprili

Mama,

Salamu baadaye. Yule si mimi! Wametengeneza mtu kwa kompyuta, wamechukua sura na sauti kwenye video zangu za zamani. Ile ishara ya hereni imeingia humo humo, wala hawajui maana yake. Jana nilikuwa kwenye kochi nyumbani, nikajiona kwenye runinga nikikuaga. Mama, niliogopa. Hereni nimezivua, nimezitupa.

Nakuja Jumamosi nikuchukue, twende hospitali. Usiniamini mpaka nikushike mkono.

Binti yako,
Marlys

Harlan Fork
13 Aprili

Kwako wewe,

Sikuulizi hali.

Jumamosi nilikuona mlangoni. Nilichungulia nyuma ya pazia, ukagonga, ukalia, ukaniita Mama. Nusura nifungue. Lakini Ijumaa jioni Marlys alikuwa ameshatuonya kwenye habari: kuna mwanamke anajifanya yeye, anaandikia watu barua za kutisha kuhusu maji, asifunguliwe mlango. Kisha akashika hereni.

Nikakutazama masikio. Yalikuwa matupu.

Sijui wewe ni nani, wala sura ya mwanangu umeipata wapi. Usiniandikie tena. Samahani kwa mwandiko, kalamu inaniponyoka mkononi. Nakunywa maji kwa wingi, kama Marlys alivyotushauri kwenye habari.

Mama yake Marlys