Vitabu Vyangu Vilivyofungia Njugu

Baba Neema,

Sikuiti mpendwa. Neno hilo nililitumia kwako hadi likachakaa. Nakuandikia waziwazi, wasome na walimu wenzetu wa Kitale uliowaambia kwamba niliacha nyumba yangu nikakimbilia Waarabu.

Unakumbuka chuo cha ualimu? Jumamosi alasiri tulikuwa tunakaa nyuma ya bwalo, unanisomea hadithi kwa sauti. Kila mhusika ulimpa sauti yake: mzee unamkohoza, mwenye duka unamfanya aongee kwa pua. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na hapo ndipo nilipokupenda, sina haja ya kuficha. Hukuwa na kitu kingine cha kupendwa. Hata viatu vyako vilikuwa vya kuazima.

Tulipooana, kila likizo tulipanda basi hadi Nairobi kununua vitabu vilivyotandazwa chini kando ya barabara. Kila mmoja alichagua chake, na tukirudi tulibadilishana kabla hatujafika Nakuru. Sikuwa nimewahi kusafiri zaidi ya hapo, lakini nilijiona nimetembea dunia. Niliandika kwa penseli pembeni mwa kurasa, nikibishana na mwandishi, nawe ukaandika chini yangu, ukibishana na mimi. Neema alijifunza herufi kwa kuvipangua vitabu hivyo kwenye rafu.

Kisha ukapewa unaibu wa mwalimu mkuu, ukaanza kutembea umeshika mikono nyuma. Ukaacha kusoma. Ukiniona na kitabu unauliza kama chakula kimejipika. Mama yangu alipougua nikaenda kumuuguza, nikamzika, ndipo nikarudi.

Pale steji niliposhuka nilinunua njugu, kwa kuwa sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nilipokunjua karatasi nikaona mwandiko wangu wa penseli. Chini yake, mwandiko wako. Nikamuuliza yule mama muuza njugu amezitoa wapi karatasi zake, akanijibu kwa furaha, "Ni mwalimu wa pale juu alituletea gunia zima. Mungu ambariki." Nikatazama sinia lake. Vitabu vyangu vilikuwa pale, kurasa zimekunjwa mithili ya pembe ya ng'ombe, zimejazwa njugu.

Nyumbani nilikukuta umekaa mbele ya televisheni mpya, imewekwa pale palipokuwa na rafu. Sikupiga kelele. Nilikuuliza tu kwa nini. Hukugeuza hata shingo.

"Karatasi ni karatasi tu, Mama Neema. Na hata hivyo ulikuwa umeshavisoma."

Nimeyabeba maneno hayo mpaka huku Doha kwa Waarabu, nilikokuja kutafuta kazi. Wenzangu walifika huku na picha za watoto wao kwenye pochi. Mimi nilifika na picha ya Neema na sentensi yako. Mimi niliyefundisha sasa nasimama mlangoni mwa duka kubwa, nimevaa yunifomu, nakagua mikoba ya watu. Miguu inauma. Lakini chumba tunachopanga Al Mansoura kina rafu juu ya kitanda changu, na hakuna anayeigusa bila kuniuliza. Ijumaa tukitoka kanisani Mesaimeer, wenzangu kwenye basi la kampuni huniomba niwasomee. Nakato, Mganda wa chumbani kwetu, husema nikisoma anasahau joto. Mzee namkohoza, mwenye duka namfanya aongee kwa pua. Hilo nalo linaniudhi, kwamba sauti ni zako. Ningekuwa na njia ya kukurudishia, ningekurudishia.

Basi mwezi uliopita, baada ya kimya cha miaka, ukanitumia ujumbe wa sauti. Ukasema shule imekuchosha, umesikia kampuni yetu inatafuta walinzi, na maombi yako umeshayapeleka. "Niongelee kwa bosi, mama. Wewe ndiye unanijua." Huku jambo hilo linaitwa wasta, kuwa na mtu ndani wa kukushika mkono. Sauti yako ilikuwa tamu, ile ya nyuma ya bwalo. Nilipomwambia Neema kwa simu, akaniomba nikuhurumie. Nilimwambia akuhurumie yeye, ndiye mwanao.

Supavaiza wetu ni Mkenya, mtu wa Bungoma. Aliniita ofisini akanionyesha karatasi ya maombi yako, picha yako juu pembeni, umevaa tai.

"Huyu jamaa ni wa kwenu Kitale. Unamjua? Ni mtu poa?"

"Namjua kuliko mamake," nikasema. "Usimlete."

Akataka kujua kosa lako. Nikamwambia kazi yetu ni kutunza mali ya watu, na huyu aliachiwa rafu moja ya mkewe ikamshinda. Alicheka, akadhani natania, kisha akanitazama usoni akaacha kucheka. Akapiga mstari juu ya jina lako. Alipotaka kuitupa karatasi, nikamwomba anipe.

Usifikiri nililia. Nilifurahi, na bado nina furaha. Natumaini ulingoja sana. Natumaini ulikuwa unaenda na simu hadi chooni, na kila ikilia unadhani ni Doha. Mimi nilingoja uniombe radhi kwa muda mrefu kuliko huo, na hata kwenye ule ujumbe wako wa sauti hukukumbuka kuniomba.

Ijumaa iliyofuata nilikaanga njugu kwa chumvi. Nikaikata karatasi yako vipande, nikavikunja pembe kama alivyokunja yule mama wa steji, tukala ndani ya basi tukirudi kutoka Mesaimeer. Nakato alipata kipande chenye picha. Akakigeuza, akauliza huyu baba mwenye tai ni nani, na kama kweli karatasi hii sitaihitaji tena.

Nikamwambia ale tu. Karatasi ni karatasi tu, na hata hivyo nilikuwa nimeshaisoma.

Baki salama na televisheni yako.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Neema