Wazee Wamegoma Kukaa

Wubshet,

Injera ipo kwenye kikapu, mchuzi upashe moto. Wale wazee waliotumwa na bosi wangu bado wamesimama mlangoni. Wamegoma kukaa mpaka nifute kesi. Kahawa usiwape! Wakionja tu, mtaa mzima utasema nimesamehe.

Wananibembeleza, "Samehe, binti yetu." Nisamehe nini? Bosi kanifukuza kiwandani kwa sababu ya mimba, na sheria inamkataza! Na wewe, mume mzima, unawaambia "nitaongea naye," kisha unatorokea dukani.

~~Usinisubiri.~~ Nisubiri, nitarudi na njaa. Naenda mahakama ya kazi. Wanaotaka kusimama, wasimame hadi siku ya hukumu.

Ni mimi,
mama wa huyu aliyefukuzwa kazi kabla hajazaliwa.